Daftari la Mjomba na Gurudumu la Namba 37

Mjomba wangu alipofariki mwaka 2021, vitu vyake vyote viliingia kwenye sanduku moja la bati: kanzu tatu, redio, miwani yenye mkono uliofungwa kwa uzi, kitambulisho cha kazi kilichokwisha muda, karatasi za kiwanja alichokwisha kukiuza, na daftari moja, zile kaunta buku za jalada gumu. Kanzu na redio zikapata wenyewe. Daftari hakuna aliyelitaka. "Chukua wewe unayependa makaratasi," Anti akaniambia. Anti ni mke wa mjomba, na pale nyumbani Temeke hakuna mtoto anayemwita vinginevyo.

Ndani kulikuwa na namba tupu. Kurasa kwa kurasa za namba zilizopangwa kwa mstari, nyingine zimekatwa kwa rula (kwa rula, jamani!), na pembeni herufi tatu tu zikijirudia: N, M, na mara mojamoja S iliyozungushiwa duara. Juu ya kila ukurasa kuna tarehe, kuanzia mwaka 2014 hadi 2016. Hakuna neno hata moja.

Mjomba alikuwa mtunza stoo kwa miaka 31. Kwa hiyo mwanzoni nilidhani ni hesabu za mzigo. Lakini mwaka 2014 alikuwa ameshastaafu, hana stoo ya kutunza. Nikadhani ni deni la watu, nikadhani ni upatu, nikafika mahali nikadhani mzee alianza kuchanganyikiwa mapema kuliko tulivyojua. Nikaliweka juu ya kabati. Likakaa huko karibu miaka miwili.

Hapa lazima niseme jambo la nyumbani. Mjomba alistaafu na kiinua mgongo kizuri. Miaka mitatu baadaye hakuna kiinua mgongo, kiwanja cha Chanika kimeuzwa, na hela ya kumalizia nyumba haijulikani ilipo. Ukoo ulikaa kikao, ukahukumu bila shahidi: mzee ana nyumba ndogo. Anti aliamini hivyo, na mjomba hakukana. Alikaa kimya mpaka siku anakufa, na Anti akamuuguza kwa heshima zote, ila hakuwahi kumsamehe yule mwanamke ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona.

Kilichonifungulia daftari ni kitabu. Nilikuwa nasoma, kwa tafsiri ya Kiingereza, riwaya fupi ya Fyodor Dostoevsky kuhusu mcheza kamari, ile ya mwaka 1866. Wengi wetu tunaijua kwa kisa cha jinsi ilivyoandikwa kuliko kwa yaliyomo. Dostoevsky alikuwa ameshajifunga kwa mkataba wa ajabu na mchapishaji wake, Stellovsky: asipoleta riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba, mchapishaji anapata haki ya kuchapa kazi zake kwa miaka 9 bila kumlipa kitu. Ikabaki kama mwezi mmoja na hana hata ukurasa. Akaajiri binti anayejua hatimkato, Anna Snitkina, akamsomea riwaya yote kwa mdomo kwa siku 26. Mwaka uliofuata wakaoana.

Sasa, ndani ya riwaya hiyo kuna mahali msimulizi anaangalia wachezaji wa ruleti kwenye mji wa Ujerumani uliotungwa, na anawaona watu wamekaa na vikaratasi, wanaandika kila rangi iliyotoka, wanapiga hesabu, wanapanga, halafu wanaweka dau na kupoteza sawasawa na sisi tusioandika chochote. Nilisoma pale nikasimama. Wekundu na weusi. Nyekundu na nyeusi. N na M. Nikapanda kiti, nikashusha daftari kutoka juu ya kabati.

Na ile S ni sifuri.

Kwa wale ambao kamari yao inaishia kwenye mkeka wa mpira, ruleti ni hivi. Kuna gurudumu lililolazwa, lenye vyumba 37: namba 1 hadi 36, nusu nyekundu na nusu nyeusi, na chumba kimoja cha kijani chenye sifuri. Gurudumu linazungushwa upande mmoja, kijipira kinatupwa upande mwingine, kinakimbia kwenye ukingo, kinachoka, kinarukaruka, kinaingia chumbani. Ukiweka 10,000 kwenye nyekundu na ikaja nyekundu, unapewa 10,000 juu yake. Unaweza kuweka kwenye nyeusi, kwenye shufwa au witiri, kwenye namba kubwa au ndogo, malipo ni hayohayo. Ukipatia namba moja kamili unalipwa mara 35. Kama vyumba vingekuwa 36, mchezo ungekuwa wa haki kabisa, na mwenye kasino angekufa njaa. Riziki yake ni ile sifuri. Kwa kila shilingi 100,000 zinazowekwa mezani, kwa wastani 2,700 zinabaki kwake. Kwenye magurudumu ya Kimarekani wameongeza sifuri ya pili, vyumba vikawa 38, na kinachobaki ni karibu 5,260. Ndugu wawili Wafaransa, François na Louis Blanc, ndio waliofungua kasino ya Homburg huko Ujerumani wakijitangaza kwa gurudumu la sifuri moja, mwaka 1843, kuwavutia wateja waliozoea sifuri mbili. Ilifanya kazi. François ndiye baadaye aliyeijenga Monte Carlo kuwa ile tunayoisikia.

Basi daftari la mjomba, nilipojua ni la nini, likawa linasomeka kama riwaya yenye sehemu tatu. Kila sehemu ni mfumo mmoja wa kuweka dau. Na yote mitatu, nilikuja kugundua, ni mifumo maarufu ambayo wazungu wameibishania kwa miaka mingi.

Sehemu ya kwanza ni ile inayoitwa Martingale. Hii kila mtu anaigundua mwenyewe akiwa na umri wa miaka kumi na minne: ukipoteza, ongeza dau mara mbili, siku utakayoshinda, unarudisha yote na faida juu. Casanova aliitumia Venice katika karne ya 18, akashinda vizuri, halafu akapoteza mpaka vito vya mpenzi wake. Mjomba alianza na 5. Nilijua ni 5,000 kwa sababu dau la chini la shilingi 5 halipo duniani. Kurasa za mwanzo ni furaha tupu: 5, imekatwa. 5, 10, zimekatwa. 5, 10, 20, zimekatwa. Kila mstari uliokatwa ni faida ya 5,000. Siku moja ana mistari 19 iliyokatwa, yaani 95,000, na mtu aliyestaafu akipata 95,000 jioni moja anarudi nyumbani na samaki.

Halafu kuna ukurasa wenye 5, 10, 20, 40, 80, 160. Haujakatwa. Chini yake ni nyeupe.

Nilikaa na kalamu nikatafuta. Uwezekano wa kupoteza mzunguko mmoja kwenye rangi ni 19 kwa 37. Kupoteza mara 6 mfululizo ni kama mara 1 katika kila majaribio 55. Kwa hiyo chukua majaribio 55: mara 54 mjomba anavuna 5,000, jumla 270,000. Mara moja anapoteza 315,000. Hapo ndipo ulipo ukweli wote wa Martingale, na huhitaji chuo kuuona. Unakusanya sarafu nyingi ndogo, halafu siku moja unadaiwa zote pamoja na nyongeza. Ubaya wake ni kwamba hizo mara 54 ni nyingi, zinachukua siku, na kila moja inakuambia una akili.

Watu husema, "si uendelee tu kuzidisha?" Zidisha uone. Ukianza na 1,000, dau la 21 ni zaidi ya shilingi bilioni 1. Na kasino zina kikomo cha dau kwenye kila meza, hawakukiweka kwa bahati mbaya. Tarehe 18 Agosti 1913, Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo kwenye meza moja. Watu walijazana kuweka nyekundu, wakiongeza na kuongeza, kwa imani kwamba haiwezekani iendelee. Gurudumu halina daftari, halikumbuki lilichofanya dakika iliyopita. Wenye daftari ni sisi.

Sehemu ya pili ni fupi, mwezi na nusu hivi. Ni mfumo unaoitwa wa d'Alembert: ukipoteza unaongeza moja, ukishinda unapunguza moja. Weka 5 upoteze, weka 6 upoteze, weka 7 ushinde, weka 6 ushinde. Umepoteza mara mbili, umeshinda mara mbili, na una faida ya 2. Unaona utamu wake? Ushindi ukilingana na hasara, wewe uko mbele. Ni mfumo wa waungwana, hauna pupa. Jean d'Alembert mwenyewe, yule mwanahisabati aliyeachwa akiwa kichanga kwenye ngazi za kanisa Paris mwaka 1717 na akaja kuhariri Ensaiklopidia pamoja na Diderot, mwaka 1754 aliandika humo kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni theluthi mbili. Sio. Ni robo tatu. Mtoto wa kidato cha nne leo anamsahihisha. Na aliamini pia kwamba mkia ukitoka mara nyingi, kichwa kinakuwa karibu. Mfumo wenye jina lake umejengwa juu ya imani hiyohiyo kwamba mambo yatajisawazisha, na yajisawazishe upesi, kabla ya saa ya daladala ya mwisho. Lakini kwa sababu ya sifuri hayajisawazishi: kwa mizunguko 37 unategemea kushinda 18 na kupoteza 19. Dau linapanda taratibu kama maji ya kisima. Mjomba aliishia na madau ya 30 na kitu, akaacha.

Kuna ukurasa mmoja wenye 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21. Nilicheka peke yangu. Mtunza stoo wa Temeke kakutana na Fibonacci! Lazima kuna mtu pale mezani alimnong'oneza. Leonardo wa Pisa, aliyezieneza namba hizi Ulaya kwa kitabu chake cha mwaka 1202, alijifunza hesabu za Kiarabu akiwa kijana Bugia, pwani ya Algeria, na mfano wake ulikuwa wa sungura wanaozaana. Kamari hakuigusa hapo. Wachezaji ndio waliochukua sungura wake: ukipoteza songa mbele hatua moja, ukishinda rudi nyuma mbili. Ni Martingale iliyopunguzwa makali. Mjomba aliijaribu jioni moja tu, na sidhani ilimridhisha.

Maana kilichomridhisha ni sehemu ya tatu, kurasa 80 na zaidi, na hapa ndipo nilipomtambua mjomba wangu.

Mfumo huu unaitwa Labouchere, kwa jina la Henry Labouchere, mbunge wa Uingereza wa karne ya 19 aliyeupenda. Unaandika mstari wa namba, tuseme 1, 2, 3, 4. Jumla yake, 10, ndiyo faida unayoitaka. Dau lako ni namba ya kwanza ukijumlisha na ya mwisho: 1 na 4, unaweka 5. Ukishinda, unazikata hizo mbili. Ukipoteza, unaandika 5 mwishoni mwa mstari. Dau linalofuata ni 1 na 5, yaani 6. Unaendelea mpaka namba zote zikatwe. Chukua mfano: umepoteza 5, umepoteza 6, halafu ukashinda 7, 7 na 7. Mstari umeisha na una 10 yako kamili. Ushindi unakata namba mbili, hasara inaongeza moja. Kwa hiyo huhitaji kushinda hata nusu ya mizunguko. Zaidi kidogo ya theluthi moja inatosha kuumaliza mstari. Nani asiyeweza kushinda theluthi moja, kwenye mchezo wa karibu nusu kwa nusu?

Nikachora mistari yangu mwenyewe usiku huo, kwa kurusha sarafu, na nikaona kitu ambacho mtunza stoo angekiona siku ya kwanza. Mstari wa Labouchere hauna uongo. Wakati wowote ukijumlisha namba ambazo hazijakatwa, unapata kiasi ulichopoteza pamoja na ile faida uliyoipanga mwanzoni. Hesabu inafunga kila dakika. Ni leja. Mtu aliyehesabu misumari na mabati kwa miaka 31, akihakikisha kilichotoka na kilichoingia vinalingana, anawekewa mezani leja ambayo inafunga hata akiwa anafilisika. Hasara haiitwi tena hasara. Inaitwa namba zilizobaki kukatwa. Ni kazi ambayo haijaisha, na mjomba hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati.

Tulimdhania mjomba mambo mengi, lakini hakuna aliyemdhania kamari, kwa sababu sote tunamjua mcheza kamari: mlevi, muongo, mkono unatetemeka. Mjomba alikuwa anapiga mstari kwa rula. Alikuwa hachelewi sala. Nilipofikiria vizuri nikaona mifumo hii haikutungwa kwa ajili ya wazembe. Mzembe anaweka yote kwenye namba 17, zinaliwa, anakwenda zake kulala. Mwenye mfumo anabaki, kwa sababu mfumo unamwambia la kufanya baada ya kila hasara, na mtu mwenye la kufanya haondoki.

Kuna mfumo mmoja ambao haumo kwenye daftari, nao ni Paroli. Huu ni kinyume: unaongeza dau ukishinda, sio ukipoteza. Unaweka 1, ukishinda unaacha 2, ukishinda tena unaacha 4, ukishinda ya tatu unachukua zote, faida 7, unaanza upya. Hasara yako kwa kila jaribio haizidi 1. Uwezekano wa kushinda tatu mfululizo ni kama mara 1 kati ya 9. Kihesabu sio bora wala mbaya kuliko mingine, kila shilingi inayowekwa inakatwa 2.7 kwa mia ileile. Ila ni mfumo unaokutaka ukubali kupoteza mara nane ndio ufurahi mara moja, na hasara hizo nane hazidaiwi kwa yeyote, zimekwenda. Mjomba angeuona ni uzembe. Kuna siku namlilia kwa hilo. Angeshika Paroli angeishiwa polepole sana, pengine angechoka na kurudi kwenye bao na wazee wenzake.

Nasema 2.7 kwa mia ileile na nataka nieleweke, maana mtandaoni kuna watu wanauza mifumo hii kwa hela. Mfumo unaamua lini uweke kubwa na lini uweke ndogo. Gurudumu halijui umeweka ngapi. Kwa hiyo jumlisha madau yote uliyowahi kuweka maishani, kwa mpangilio wowote, na sehemu 1 kati ya 37 ndiyo utakayotegemea kuiacha mezani. Unachochagua ni namna ya kuipoteza: ghafla kama kwa Martingale, au kwa mwendo wa konokono kama kwa d'Alembert. Waliowahi kuishinda ruleti kweli hawakuwa na mifumo ya dau. Joseph Jagger, Mwingereza wa viwanda vya nguo vya Yorkshire, miaka ya 1880 alitafuta Monte Carlo gurudumu lililopinda kidogo, lenye namba zinazotoka kupita kiasi. Edward Thorp na Claude Shannon mwaka 1961 walitengeneza kompyuta ndogo ya kuvaa mwilini ili kukadiria kijipira kitaangukia wapi. Hao waliangalia gurudumu. Mjomba aliangalia karatasi.

Sasa na mimi nijiseme, maana nimemsema sana marehemu.

Nilienda. Kasino ya mjini, jina nitaliacha. Nilijidanganya nakwenda kwa ajili ya kuandika, kama tunavyojidanganya sisi waandishi kwa kila dhambi. Nilikuwa na 100,000 na mstari wa 1, 2, 3, 4, kila moja ni elfu. Usiku wa kwanza nilimaliza mstari kwa mizunguko mitano, faida 10,000, nikaondoka nikitembea kama mtu aliyepata barua ya kazi. Wiki iliyofuata nikarudi, nikamaliza mistari miwili. Elfu ishirini. Nikajikuta kazini nachora mistari pembeni ya karatasi za mkutano. Nilikuwa nimeshafanya hesabu zote nilizokuonyesha hapo juu, msomaji, najua sehemu moja kati ya thelathini na saba, na bado kuna sauti ilikuwa inaniambia: lakini wewe una nidhamu.

Dostoevsky naye alikuwa na sauti hiyo. Mwaka 1863 alimwandikia shemeji yake kutoka Paris kwamba siri ya kushinda ameijua, nayo ni rahisi: kujizuia kila hatua na kutopagawa. Siku chache baadaye alikuwa Baden-Baden hana kitu. Mwaka 1867, akiwa na Anna, aliweka rehani hereni na pete ya ndoa ya mkewe. Ruleti aliiacha mwaka 1871.

Usiku wa tatu nilicheza mizunguko 12 na kushinda 2. Ninayo karatasi. Mstari uliobaki ni 3, 4, 5, 6, 7, 9, 11, 14, 17, 20. Jumla 96: nimepoteza 86,000, na ile 10,000 niliyoitamani bado imekaa mle ndani kama vile mtu ananidai mimi niipate. Dau lililofuata lilikuwa 23,000 na mfukoni nina 14,000. Unajua nilichofikiria? Sikufikiria nimepoteza. Nilifikiria mashine ya kutolea hela iko mlangoni, na mstari haujaisha. Nilitoka hadi kwenye ile mashine. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja amevaa shati la mikono mirefu, kalamu mfukoni, anasubiri zamu yake kwa utulivu kabisa. Nikachukua bodaboda.

Ukurasa wa mwisho wa daftari la mjomba ni wa Septemba 2016. Mstari ulianza na 2, 2, 2, 2, 2, unakwenda mpaka kwenye ukingo, unageuka, unashuka. Namba 23 hazijakatwa. Nilizijumlisha mara mbili: 1,940. Toa 10 aliyoitaka. Siku hiyo mjomba alipoteza shilingi 1,930,000 akitafuta elfu kumi. Kiwanja kiliuzwa Agosti.

Nilikaa na jambo hili wiki kadhaa. Anti ana miaka 70 sasa. Kumwambia ni kumvua marehemu nguo: kamari ni haramu, hilo nyumbani kwetu halina mjadala, na nadhani ndiyo sababu mzee aliacha tumsingizie. Mwanamke wa pili, hata akiwa wa siri, una mlango wa kumhalalisha. Kamari haina mlango. Lakini kutomwambia ni kumwacha mama wa watu aendelee kumchukia mwanamke ambaye hayupo.

Nikaenda Jumapili, baada ya laasiri. Nikamwekea daftari mapajani, nikamwonyesha N na M, nikamwonyesha jinsi ya kusoma mstari. Anti ni kijumbe wa upatu tangu mimi sijazaliwa, sikuhitaji kueleza mara mbili. Alifungua kurasa moja moja, akilamba kidole. Alikaa muda mrefu kwenye zile za mwanzo, zilizokatwa zote.

"Hizi ndizo siku za samaki," akasema.

Nikanyamaza.

Alifika ukurasa wa mwisho, akapitisha kidole kwenye namba zile zote bila kuzijumlisha, akafunga daftari. Nje mtoto alikuwa anauza maandazi. Nilitegemea alie, au anifukuze.

"Na huko," akaniuliza, "walikuwa wanakaa, au walikuwa wanasimama?"

"Kuna viti, Anti. Virefu hivi, vina mito."

"Maana magoti yake," akasema. "Magoti yake hayakuwa ya kusimama."